Mitungi ya Yeriko Ilikuwa Imejaa

Koti la sufu lililoloa theluji, likitandazwa juu ya chuma cha kupasha joto, hutoa harufu ambayo siwezi kuivumilia mpaka leo. Inakaribia harufu ya mbwa aliyenyeshewa, na kwetu ilichanganyika na harufu ya sombe, majani ya muhogo, iliyokuwa ikichemka jikoni tangu mchana. Akiingia mtu na koti la namna hiyo kwenye treni ya chini ya ardhi, akasimama karibu yangu, nasogea mbali naye kabla sijajua ni kwa nini. Halafu nakumbuka. Ni Vårby gård, mtaa wetu wa Uswidi, ni sebule yetu ya ghorofa ya nne, ni makoti yetu matatu chini ya dirisha, na ni yale majira ya baridi tuliyoizunguka Yeriko. Nilikuwa darasa la tano. Nisikudanganye, ninazo kumbukumbu nyingine za utotoni, za pipi za Jumamosi na kuteleza kwenye barafu nyuma ya shule, lakini hizo lazima nizitafute. Hii inakuja yenyewe bila kuitwa.

Tulikuwa watatu katika nyumba ile: mimi, mama yangu, na mdogo wake Mapendo, ambaye mimi nilimwita mama mdogo na yeye alimwita mama yangu yaya, kama tunavyowaita dada wakubwa kwetu Uvira. Mama na mimi tulikuwa na vibali vya kuishi Uswidi. Mama mdogo Mapendo alikuja nyuma yetu, kwa njia ambayo sikuwahi kusimuliwa yote, akaomba hifadhi, akaanza kungoja. Alikuwa mcheshi wa kupindukia. Angeweza kuigiza namna Waswidi wanavyovuta pumzi kwa ghafla badala ya kusema ndiyo, mpaka Mama akaangusha mwiko kwa kucheka. Lakini kila mazungumzo yake yaliishia kwa Imani, mwanawe, aliyemwacha Uvira kwa jirani akiwa bado hajaota meno ya ukubwani. Alikuwa amemnunulia Imani suti ya theluji, ya bluu, ya kipande kimoja, yenye zipu kutoka kifuani hadi gotini. Ilining'inia nyuma ya mlango wa chumba tulicholala mimi na yeye. Akipata kibali, angemleta mwanawe. Hilo ndilo alilolitaka hapa duniani, hakuna jingine, na kila mtu aliyeingia nyumbani kwetu alilijua kabla hajamaliza kikombe chake cha chai.

Basi alikataliwa. Alikata rufaa, akakataliwa tena, na safari hii aliambiwa ajiandae kuondoka nchini. Nakumbuka alivyokaa kwenye stuli ya jikoni na koti lake likiwa bado mwilini, theluji ya kwenye viatu ikiyeyuka na kufanya dimbwi dogo sakafuni, na Mama, ambaye hakuvumilia hata tone sakafuni kwake, akaliacha dimbwi lile. Mama alifanya kazi ya usafi katika shule za watu, alitoka alfajiri, na alikuwa mtu wa kupanga mambo. Siku ile hakupanga kitu. Alisimama nyuma ya mdogo wake akamshika mabega, akawa anarudia, "Eh Mungu wangu, eh Mungu wangu," kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayejikumbusha vitu vya kununua sokoni. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Mama akilia nilijua la kufanya, lakini ile sauti ya kawaida sikuijua.

Aliyekuja na Yeriko ni Mchungaji Zakaria. Alikuwa Mrundi, dereva wa basi siku za kazi na mchungaji wetu siku za Jumapili, katika ukumbi wa chini ya ardhi tuliokodi sisi Wakongomani pamoja na Warundi na Wanyarwanda wachache. Wasiolijua jambo hili naomba niwaeleze. Kwetu sisi, mtu akifika ukutani kweli kweli, ameomba kila ombi na kufunga kila mfungo, yanabaki maombi ya Yeriko. Unalizunguka lile linalokuzuia, kimya, mara moja kwa siku, siku sita, na siku ya saba unalizunguka mara saba, halafu tarumbeta inapigwa na wote mnapaza sauti, kama watu wa Yoshua walivyofanya kabla kuta hazijaanguka. Wengine huzunguka shamba lenye kesi, wengine kitanda cha mgonjwa. Mchungaji alisema sisi tutaizunguka ile ofisi yenyewe inayotoa majibu. Mama mdogo alihojiwa kwingine, na majibu yalimjia kwa barua tu. Alilijua jengo, alisema, kwa sababu ndimo alimohojiwa yeye alipofika Uswidi, na ndimo alimopewa kibali. "Mlango ule ulinifungukia mimi," alimwambia mama mdogo. "Utakufungukia na wewe, binti yangu."

Lilikuwa jengo la matofali ya kahawia upande wa kaskazini mwa jiji, mwendo mfupi kutoka kituo cha Spånga. Kila alasiri, baada ya shule na baada ya kazi, tulikutana mjini, tukapanda treni ya Spånga, tukatembea mstari mmoja katika giza lile la mapema la Desemba. Mchungaji mbele, mama mdogo nyuma yake, Mama, mimi, kisha wengine. Kuongea ilikuwa marufuku. Theluji ilikuwa nyingi upande wa nyuma wa jengo, haikusafishwa, tulizama hadi magotini, na mabibi wa Kirundi walikuwa wamevaa vitenge juu ya suruali nene na viatu vya kuazima. Nilikuwa nikifa kwa aibu, niseme ukweli, nikiomba asitokee hata mtoto mmoja wa darasa letu. Lakini pia niliamini. Niliangalia madirisha yale meusi nikawa nawaza, humo ndani yupo mtu mmoja mwenye kalamu, na hajui tunamjia.

Siku ya sita ndipo nilipoona tangazo. Lilikuwa limebandikwa kwa ndani kwenye kioo cha mlango mkubwa, na taa ya barabarani ililiangaza vizuri. Lilisema jengo lote linapangishwa. Nikatazama ndani: hakukuwa na meza, hakukuwa na kiti, waya tu zilikuwa zinachungulia ukutani. Nikavunja amri ya kimya. Nilimvuta Mama koti nikamwambia kwa Kiswidi, maana nilipoogopa nilikuwa nikimjibu kwa Kiswidi, kwamba humu hamna watu. Mama hakugeuka. Alinijibu kwa Kiswahili, chini chini, "Tumeambiwa tuzunguke, hatukuambiwa tuchungulie. Tembea." Nikatembea.

Siku ya saba tukaja wengi zaidi. Tukazunguka mara saba, na katika mzunguko wa mwisho bibi mmoja alikuwa anabebwa kwa mikono. Tarumbeta hatukuwa nayo, kwa hiyo Mchungaji alileta honi ya plastiki wanayopuliza mashabiki wa mpira wa magongo wa barafuni, akaipuliza, nasi tukapiga kelele. Sijawahi kusikia kelele kama ile. Mama mdogo aliliita jina la mwanawe. Wote walisema haleluya na Yesu, yeye alisema Imani, Imani, Imani, mpaka sauti ikapasuka. Ukatokea mwanga upande wa pili wa ua, akaja mtunza jengo na tochi yake na mbwa wake, mzee wa Kiswidi mwenye huruma usoni, akauliza tunamtafuta nani. Mimi ndiye niliyekuwa na Kiswidi kizuri kuliko wote pale, kwa hiyo walinisukuma mbele. Mzee akaniambia kwamba watu wa ofisi ile walishahama zamani, hapa hakuna mtu, na kwamba kama ni baridi tunaweza kuingia kwenye kibanda chake. Nikaligeukia kusanyiko nikalitafsiria hivyo hivyo. Mchungaji Zakaria alivua kofia yake akabaki ameishika, kichwa chake cha upara kikianza kupokea theluji. Mama mdogo akaketi chini, pale pale, akaanza kucheka. "Yaani yaya," alisema, "tumeuzunguka ukuta, wenyewe hawapo!" Alicheka mpaka Mama akamnyanyua kwa nguvu, na ndani ya treni alikuwa bado anacheka, machozi yakimtoka, watu wakiangalia pembeni.

Nilipeleka hasira zangu shuleni. Mwalimu wetu wa dini aliitwa Ulla, na sisi tulimwita Ulla tu, jambo ambalo Mama hakulikubali kamwe. Yeye alimwita Madamu Ulla. Tulipofika kwenye hadithi ya Yoshua nilinyanyua mkono nikasema kwamba hadithi hii ni ya uongo, kwa sababu sisi tumeifanya. Nikaeleza yote, theluji, honi, jengo tupu. Hakuna aliyecheka, labda kwa namna sauti yangu ilivyotetemeka. Ulla alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema jambo lililonikaa. Alisema wako wachimbaji wa mambo ya kale wanaodhani hata Yeriko ilikuwa hivyo, kwamba wakati ambapo Yoshua huenda aliishi, kuta zilikuwa zimeshaanguka zamani na mjini hapakuwa na watu, au walikuwa wachache tu. Wengine wanapinga. Kesho yake aliniletea kitabu kikubwa cha maktaba chenye picha, habari za kilima kile kilivyochimbwa.

Nilidhani Mama atakichukia. Badala yake alikifuta jalada kwa kanga, akakiweka mezani, akasema, "Nisomee." Hivyo ndivyo tulivyoumaliza mwaka. Mama akirudi kazini na chai ikiwa tayari, mimi nilisoma Kiswidi kwa macho na Kiswahili kwa mdomo, Mama upande huu na mama mdogo upande ule. Niliwaeleza kwamba kilima kile hakikuumbwa na Mungu, ni watu waliokifanya. Walijenga nyumba za matofali mabichi, zikaanguka, wakasawazisha kifusi wakajenga juu yake, vizazi kwa vizazi, mpaka mji ukawa umepanda juu ya migongo ya miji mingine. Mama hakuhitaji maelezo zaidi. "Si ndivyo tunavyofanya?" alisema. "Mvua ikiangusha ukuta wa tofali bichi, huwezi kuusimamisha tena. Unaukanyaga unajenga juu." Alipenda sana mchoro mmoja ulioonyesha handaki refu lililokatwa katikati ya kilima, na tabaka zake zimeonyeshwa moja moja: udongo, kifusi, jivu, udongo, jivu. Aliyahesabu majivu kwa kidole, halafu akaacha.

Kulikuwa na picha ya mafuvu. Wakazi wa kwanza kabisa wa pale, zamani zisizosemeka, walichukua vichwa vya wafu wao wakavipaka lipu kutengeneza nyuso, wakaweka kombe za baharini mahali pa macho, na wachimbaji waliyakuta mafuvu hayo chini ya sakafu za nyumba. Mama aliifunika picha kwa kiganja. Mama mdogo aliutoa mkono wa Mama, akaitazama sura ile kwa muda mrefu, akaniuliza jina lake nani. Nikamwambia hawajui. "Mtu awe na uso mzuri hivi," alisema, "halafu jina lipotee!" Kisha akanitania kwamba siku akifa yeye nisimwekee kombe, nimwekee vifungo vya koti, vinang'aa zaidi.

Habari ya kuta Mama aliisikiliza kwa utulivu uliokuwa ukinishangaza. Nilimsomea kwamba wachimbaji wa mwanzo walikuta kuta zilizoanguka wakafurahi, wakasema ndizo zenyewe, na kwamba waliowafuata walichunguza vipande vya vyungu wakasema hapana, kuta hizi ni za kale zaidi, ziliangushwa na wengine, Yoshua angezikuta kifusi. Nilingoja akasirike. Alisema tu, "Bon. Endelea." Tukafika mahali panapoeleza mji mwingine, tabaka nyingine, uliokufa kwa moto. Matofali yalikuwa yameiva kwa ule moto, chumba kwa chumba. Na ndani ya vyumba kulikuwa na mitungi, imesimama kwenye mistari, imejaa nafaka hadi shingoni, nafaka yote imeungua imekuwa makaa. Wataalamu walibishana juu ya mitungi hiyo. Mji uliozingirwa muda mrefu hula akiba yake, na huu haukuwa umekula. Palikuwa na picha: mitungi myeusi, mdomo wazi, na zile punje.

Mama akaweka kikombe chini. "Na watu?" aliuliza. Nikatafuta ukurasa ule, nikatafuta uliofuata. Kitabu kilieleza mitungi, matofali na jivu. Watu waliokuwa katika vyumba vile hakikusema walikwenda wapi. "Hawakuandika, Mama," nikamwambia. Akaanza kusema kwa ile sauti yake ya kawaida niliyoiogopa. Alisema siku tuliyotoka Uvira maharage yalikuwa jikoni, gunia la mahindi halijafunguliwa, na mimi nilikuwa mgongoni mwake. Alisema ukisikia risasi huchukui gunia. Halafu akamtazama mdogo wake. "Mapendo, tumekosea. Tumezunguka kwa nje kama wenye jeshi. Sisi si wa Yoshua. Sisi ndio tuliokuwa ndani." Mama mdogo hakutania safari hiyo. Mimi nilikuwa mtoto, lakini nilielewa kwamba kitu kimevunjika mezani petu, na kwamba kuanzia hapo hakuna atakayezunguka tena.

Kati ya wale waliokuwa ndani ya Yeriko, kama unavyojua, ni nyumba moja tu iliyopona. Ni ya Rahabu, aliyewaficha wapelelezi wa Yoshua, akafunga kamba nyekundu dirishani iwe ishara ya kuachwa hai, akawakusanya ndugu zake wote ndani, kwa sharti kwamba yeyote atakayetoka nje ya mlango damu yake itakuwa juu yake mwenyewe. Mama aliingia chumbani, akatoka na kitenge chekundu cha mama mdogo, kile cha wax, cha bei kubwa, alichokitunza kwa ajili ya siku ya kumpokea Imani uwanja wa ndege, na kabla hatujasema neno alikiuma kwa meno akakipasua. "Yaya! Wax yangu!" mama mdogo alipiga ukelele, mikono kichwani, na kwa dakika moja tukawa watu wa kawaida, tunagombania nguo. Mama akapanda juu ya kiti akaufunga ule ukanda kwenye chuma cha dirisha la balkoni, fundo juu ya fundo. Akashuka, akafunga mapazia. Akasema kuanzia leo Mapendo hatoki.

Siku ya kuondoka nchini ikapita, na mama mdogo akawa miongoni mwa watu wasiokuwepo. Sijui kama utaelewa nyumba inavyobadilika. Kengele ikilia, anaingia bafuni. Redio chini. Viatu vyake vikahamishiwa uvunguni mwa kitanda. Alikuwa akisimama nyuma ya pazia mchana, pale kwenye ufa mdogo wa mwanga, akiangalia watoto wakiteremka na vibao vya kutelezea theluji. Utani ukamwisha taratibu. Aliacha kuigiza Waswidi, kwa sababu hakuwaona. Alizoea kushika mkono wa ile suti ya bluu nyuma ya mlango anapopita, kama mtu anavyomshika mtoto begani. Mchungaji Zakaria alikuja mara moja na mfuko wa samaki, akauona ukanda mwekundu, akalia waziwazi, akamwomba radhi kwa ajili ya lile jengo. Mama mdogo ndiye aliyembembeleza.

Theluji ilipoanza kuyeyuka alituita tukae. Alikuwa amevaa koti. Alisema amefikiri, na kwamba kujificha hakutamleta Imani. Hata akijificha mpaka azeeke, mtoto atakua kwa jirani bila mama, na yeye atakuwa humu chini ya sakafu na uso wake mzuri. Alikuwa anakwenda mwenyewe kwa uhamiaji kuwaambia wamrudishe. Mama aliruka akasimama mlangoni na mikono yake yote miwili kwenye miimo. Alimsihi, kisha akamtukana, kisha akamsihi tena. "Ukitoka nje ya mlango huu, Mapendo, damu yako—" alianza, akashindwa kumaliza. Mama mdogo alimkumbatia akiwa vile vile amesimama na mikono imetanuka. "Yaya," alisema, "hata huyo Rahabu mwishowe alitolewa nje. Hakuna aliyebaki ndani akapona." Alichukua suti ya bluu nyuma ya mlango. Nikamuuliza, nikilia, Imani ataivalia wapi huko, Uvira na jua lile. Akanijibu kwamba ataivaa hivyo hivyo, ili ajue kuna mahali alikuwa anangojewa.

Alifika salama. Alipiga simu, tukasikia kuku na pikipiki nyuma yake, tukamsikia Imani mwenyewe akitusalimia kwa haraka na aibu. Mama mdogo alituambia kwamba mtoto hataki kuivua ile suti, anatokwa jasho kama yuko kwenye chungu, majirani wanakuja kumtazama. Alicheka kile kicheko chake cha zamani. Miezi kadhaa alikuwa anapiga, Mama akiweka simu juu ya meza ili wote tusikie. Halafu mtaa wao ukashambuliwa, simu ikawa haipatikani, na Mama akaanza kuipiga kila akirudi kazini, akisikiliza ile sauti ya mwanamke wa mtambo mpaka mwisho kwa heshima, kama vile angeweza kubadili maneno.

Habari ilikuja kwa jirani, yule yule aliyemlea Imani, aliyekuwa amekimbilia Burundi. Alipata namba yetu, akapiga. Mama alimsikiliza akiwa amesimama. Jirani alisema alirudi kuangalia baada ya siku chache. Nyumba iliungua yote. Ghalani mahindi yalikuwa yamejaa, yameungua yakawa makaa. Sufuria ilikuwa juu ya mafiga. Mapendo na mtoto hakuwaona, wazima wala maiti, wala hakuna aliyewaona njiani. Mama akauliza swali moja tu: "Na koti? Koti la bluu la mtoto?" Jirani alisema hakuliona. Mama akamshukuru, akamuulizia watoto wake, akamtakia afya. Akakata simu, akaenda kwenye rafu, akatoa kitabu. Kilikuwa cha maktaba na kilitakiwa kurudishwa zamani, lakini Ulla alikuwa akituongezea muda bila kutuuliza maswali. Mama akakifungua penye ile mitungi, akakigeuza upande wangu. "Soma tena," alisema. "Uangalie vizuri kama wameandika mifupa." Nilisoma, na hawakuwa wameandika.

Sasa mimi ni mtu mzima, naishi Akalla, mwisho wa reli ya bluu, na Mama bado yuko Vårby gård, mwisho mwingine wa jiji. Nyumba zile zimepakwa rangi mpya, ukumbi wetu wa chini umekuwa mahali pa kufanyia mazoezi, na Mchungaji Zakaria alirudi Bujumbura kuzeekea huko. Watoto wa jengo lile siku hizi hawaulizi yule mama wa ghorofa ya nne ana nini na dirisha. Magoti ya Mama yameharibika kwa miaka ya kupiga deki, lifti inakufa kila wiki, na mara nyingi nimemwambia ahamie kwangu, chumba kipo. Hataki. Mapendo anaijua nyumba hii, anasema, kwangu hapajui. Nimesoma vitabu vingi kuhusu kilima kile tangu utotoni, vizito kuliko kile cha Ulla, na wataalamu bado wanabishana: moto ulikuwa wa lini, kuta zilikuwa za nani. Wakati ule nilidhani watu wakubwa wanalo jibu na wananificha. Sasa mimi ndiye mkubwa, na sina.

Jumapili iliyopita nilimkuta Mama amepanda juu ya kiti. Ukanda ulikuwa umepauka mpaka ukawa rangi ya chai ya maziwa, umebaki nyuzi, na yeye alikuwa ametoa kipande kingine cha kitenge kile kile, kilichokunjwa kabatini miaka yote hiyo. Hasira zilinipanda. Nilitaka kupiga kelele, nilitaka kumwambia Mama inatosha, wamekufa, sote tunajua wamekufa, shuka. Aliongea kabla yangu, bila kugeuka, akihangaika na fundo. "Vitabu vyako vipya vinasemaje? Wale watu wa mitungi wamepatikana?"

"Bado, Mama," nikamwambia.

"Basi waliondoka," alisema.

Kiti kilikuwa kinayumba. Nikaweka mkoba chini, nikamshikia kiti mpaka alipomaliza kufunga.